Darasa la Wagonjwa Wenyewe: Mwongozo wa Vikundi vya Kujitunza Kisiwani Mombasa

Mwongozo huu ni wa watu wanaofanya kazi kisiwani Mombasa huku wakiishi na kisukari, presha, pumu au maradhi mengine ya kudumu: muuza samaki wa Marikiti, mpishi wa mahamri wa Kibokoni, kuli na karani wa Kilindini, muuza leso wa Biashara Street, dereva wa tuktuk. Ni wa wale pia watakaoviongoza vikundi vyao: nesi wa zahanati, mhamasishaji wa afya ya jamii, mwalimu wa madrasa, mwenyekiti wa chama cha akina mama. Haumwondoi mtu hospitalini. Unamsaidia kuishi vyema siku ambazo hospitali haimwoni, nazo ndizo nyingi. Mwenye presha anayekwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, akakaa na daktari dakika 15, kwa mwaka mzima amepata saa moja ya daktari. Mwaka una saa 8,760.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliowaangalia watu wazima wa Kenya wenye miaka 18 hadi 69, ulikuta karibu mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda. Asilimia 56 hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani, na wasiowahi kupimwa sukari walikaribia asilimia 88. Baraza la watu wanane wanaopokezana vikombe vya kahawa baada ya Magharibi, kwa hesabu hiyo, lina watu wawili wenye presha, na huenda mmoja wao hajijui. Kwa hiyo kikundi chochote kitakachoanzishwa kianze kwa kuwapima wote waliofika, hata aliyekuja kumsindikiza jirani.

Darasa si hotuba

Njia iliyozoeleka ya kuwaelimisha wagonjwa ni nesi kusimama mbele ya mabenchi ya wanaomsubiri daktari na kuwasomea: punguza chumvi, acha sukari, fanya mazoezi, meza dawa. Nimeketi kwenye mabenchi hayo nikimsindikiza mzazi. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa, na hakuna aliyeulizwa anakula nini, anaamka saa ngapi, wala dawa humwishia tarehe ngapi. Yaliyosemwa yalikuwa sahihi. Lakini mama anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri, akashinda jikoni na kikombe cha chai mkononi mpaka saa mbili asubuhi, hakusikia neno lililomhusu yeye.

Darasa la kikundi hugeuza mpangilio huo. Huko Marekani, Kate Lorig, nesi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alijenga mpango wa wiki sita ambao kila kikao huchukua saa mbili na nusu, wahudhuriaji wakiwa kumi hadi kumi na sita, na viongozi wakiwa wawili ambao angalau mmoja wao ni mgonjwa mwenyewe. Wenye kisukari, moyo, mapafu na baridi yabisi huketi chumba kimoja. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha matokeo: waliopitia darasa walifanya mazoezi zaidi na kulazwa siku chache zaidi kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Kuchanganya maradhi kunaweza kuonekana ajabu mwanzoni. Lakini mchovu wa sukari na mchovu wa presha wana uchovu mmoja, na wote wawili wanajua uzito wa kumeza vidonge kila siku ya Mungu bila kuona mwisho. Kwetu sisi kuna faida nyingine. Katika Mji wa Kale, ambako mtu akikohoa Ndia Kuu wa kichochoro cha pili anajua, anayeonekana akiingia kwenye kikundi cha maradhi yote haachi nyuma habari ya maradhi gani hasa yaliyompeleka.

Hapa hapa Kenya njia hii imejaribiwa. Mpango wa AMPATH, unaofanya kazi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, uliunganisha kliniki za vikundi za presha na sukari na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Jaribio hilo liligusa zaidi ya watu 2,800 katika maeneo 24 ya magharibi mwa nchi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Presha ilishuka kwa kila upande, na kwa walio katika vikundi ilishuka zaidi kidogo. Tofauti haikuwa kubwa, na kiongozi asiwaahidi watu kwamba kikundi kitawaponya.

Watu, mahali na saa

Chagueni viongozi wawili. Mmoja awe anaishi na maradhi hayo na anajulikana kwa subira, si kwa maneno mengi. Wa pili aweza kuwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahamasishaji 100,000 hivi nchi nzima, wamepewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Nesi au daktari aalikwe kujibu maswali ya dawa, kisha aketi kama wengine. Akikalia kiti cha mwenyekiti, kikao hurudi kuwa hotuba ndani ya nusu saa.

Saa za kikao zifuate kazi za watu. Wapishi wa mahamri na viazi karai huwa huru kuanzia saa nne asubuhi. Wachuuzi wa Marikiti hupata nafasi baada ya Alasiri. Watu wa bandarini wana zamu, na anayetoka zamu ya usiku hawezi kufundishwa kitu saa mbili asubuhi. Wao waunde kikundi chao. Nashauri vikao kumi vya saa moja na nusu badala ya sita vya saa mbili na nusu. Jumla ni saa 15 zile zile, na mtu hapotezi nusu ya kibarua chake.

Baraza la nje ni zuri kwa mazungumzo lakini halifai kwa darasa hili. Tafuteni chumba cha madrasa wakati watoto hawapo, ukumbi wa kanisa kwa walio Kaloleni au Tudor, au sebule ya juu nyumbani kwa mmoja wenu. Wanawake wakitaka kikao chao peke yao, wapewe bila mjadala. Yapo mambo ya kisukari, kama muwasho wa sehemu za siri na unyumba kupungua, ambayo hayatasemwa mbele ya shemeji, na wanaume nao wana yao wasiyoyataja mbele ya wake za watu.

Azimio la wiki

Kama kikundi kitachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, kichukue hili. Mwisho wa kila kikao kila mtu atoe azimio lake la wiki: tendo dogo alilolichagua mwenyewe, lenye kiasi, siku na saa. “Nitapunguza sukari” si azimio. “Jumatatu hadi Alhamisi nitatia kijiko kimoja cha sukari kwenye chai ya asubuhi, si vitatu” ni azimio. “Nitafanya mazoezi” si azimio. “Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nikishafunga duka, nitatembea kutoka Biashara Street mpaka Fort Jesus na kurudi” ni azimio.

Msiliite nadhiri. Nadhiri ina uzito wake katika dini, na aliyeshindwa kuitimiza hatarudi wiki ya pili kwa haya. Azimio likivunjika, linarekebishwa.

Mtu akishalitaja azimio lake, kiongozi amuulize: kutoka sifuri hadi kumi, una hakika kiasi gani kwamba utalitimiza? Akisema saba au zaidi, liandikwe. Akisema nne, asikemewe wala asitiwe moyo kwa maneno matupu. Aulizwe nini kitamzuia. Labda anayetia sukari kwenye chai ni mkwewe, naye haoni namna ya kumkataza. Labda njia ya kutembelea haina taa. Hapo kikundi ndipo kinapofanya kazi yake halisi, kwa kuwa chumbani humo yupo aliyepita jambo hilo hilo. Atasema: mimi nilimwambia mkwe anitilie chai isiyo na sukari, na kijiko nishike mwenyewe. Ushauri huo hauko katika karatasi ya hospitali yoyote.

Kikao kinachofuata kianze na maazimio yale. Nani alitimiza, nani alitimiza nusu, nani hakuweza kabisa. Asiyeweza asiombe radhi. Asimulie kilichotokea, wenzake watoe rai mbili tatu, naye achague moja. Viongozi wapya hulikimbiza jambo hili ili wafike kwenye “somo”. Wasifanye hivyo: dakika 40 za maazimio ndilo somo lenyewe, na mada ya siku ina dakika 30 zinazoitosha.

Chakula cha hapa, miguu ya hapa

Mada ya chakula iendeshwe kwa vyakula tunavyokula. Picha za broccoli na mkate wa ngano nzima hazimfai mtu wa Kuze. Leteni kijiko cha chai na bakuli la sukari, kila mtu apime anachotia kwa siku. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni vijiko 12 kabla hajala kitu. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Wanaotafuna muguka na kuteremshia soda wahesabu zile soda, na waambiwe wazi kwamba muguka wenyewe hupandisha presha na huondoa hamu ya chakula, jambo la hatari kwa anayemeza dawa za sukari au kujidunga insulini.

Mbaazi ni chakula chema. Shida iko kwenye tui zito na kwenye mahamri matatu yanayoandamana nazo. Anayeweza kula hamri moja na kuongeza mbaazi amefanya jambo kubwa. Kahawa chungu yenye tangawizi haina neno kwa mwenye sukari, ila halwa na kashata zinazoletwa nayo zina neno. Ng'onda na papa mkavu walowekwe na maji yamwagwe, achari iwe ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki mkavu. Mwenye figo dhaifu asinywe madafu kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu yana potasiamu nyingi.

Kuna sinia pia. Mnapokula wengi sahani moja hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na kujitenga na sahani yako huonekana kama kuwabagua wenzako. Dawa yake ni kukata sehemu yako upande wako tangu mwanzo, uanze na mchicha na samaki, wali uufikie mwisho. Mpishi wa nyumba aalikwe kwenye kikao cha chakula hata kama si mgonjwa.

Miguu ina darasa lake tayari, nalo ni udhu. Mwenye kisukari anayeswali huosha miguu mara kadhaa kwa siku, na hakuna hospitali iwezayo kumpa ratiba bora ya kuikagua. Akishaosha, atazame nyayo, apitishe kidole kati ya vidole, akaushe vizuri kwa kitambaa, maana unyevu uliobaki huleta ukungu na ukungu hufungua kidonda. Asiyefika chini kwa macho atumie kioo au amwombe mtoto. Sakafu ya ua adhuhuri huunguza mguu usiohisi, na kandambili iliyokwisha huingiza msumari. Kidonda kisichopona kwa siku chache kipelekwe zahanati, kisipakwe majivu wala dawa ya meno.

Kwenye pumu, taja udi na ubani kwa upole. Si desturi ya kuvunjwa, lakini chetezo kiwashwe mgonjwa akiwa nje ya chumba, na jiko la makaa litolewe uani. Anayetumia dawa ya kuvuta aonyeshe mbele ya wenzake jinsi anavyoivuta, nesi akiwepo wa kumrekebisha.

Dawa na waganga

Kikundi kiulize, bila hukumu, nani ameacha dawa na kwa nini. Wengi huacha presha inaposhuka, wakidhani wamepona. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Ikiachwa, hupanda tena, mara nyingi bila dalili. Wengine huacha kwa sababu ya gharama, wengine kwa sababu dawa iliwavimbisha miguu au kuwakohoza na hawakujua kwamba ipo nyingine ya kubadilishiwa.

Watu watataja habasoda, mlonge, mwarubaini na kuumikwa. Waachwe waseme. Anayekatazwa kusema ataendelea kutumia kimyakimya, na baadhi ya miti hushusha sukari na kuongezea nguvu ya vidonge hadi mtu akaanguka. Amri ziwe mbili: usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya nyingine, na mwambie daktari kila unachokunywa.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje wiki nne hivi ikiwa joto halipiti nyuzi 30, na Mombasa wakati wa kaskazi hupita kiwango hicho. Asiye na friji aweke chupa ndani ya mfuko mkavu, mfuko ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa maji. Hekima ni ile ile ya mtungi wa maji wa bibi zetu.

Kabla ya Ramadhani

Kikao hiki kisikosekane, na kisichelewe. Utafiti wa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulionyesha kwamba asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15. Watu watafunga. Kuwaambia “usifunge” na kufunga faili huwaacha peke yao, na miaka hii Ramadhani inaangukia miezi yetu ya joto kali.

Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla, yaani katika mwezi wa Rajabu, ili hatari yake ipimwe na saa za dawa na vipimo zibadilishwe. Mwalikeni imamu na nesi kikao kimoja. Imamu aeleze ruhusa ya mgonjwa kutofunga, na kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakuvunji saumu kwa rai ya wanazuoni walio wengi. Nesi aeleze mipaka: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (kwa mashine inayosoma mmol/L), au mtu akihisi vibaya, afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana ya Magharibi. Daku iliwe karibu na alfajiri, na futari ianze na maji na tende moja, kaimati zikingoja. Wakristo wanaofunga Kwaresima wapate mazungumzo hayo hayo.

Fedha, kazi na siri

Kikundi kikiwa na akiba hudumu. Fungu la kwanza linunue mashine ya presha ya mkono wa juu. Kabla ya kupima, mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na awe hajanywa kahawa, hajavuta sigara wala kutafuna muguka kwa nusu saa. Vijiti vya kupimia sukari vyaweza kununuliwa kwa pamoja. Sindano ya kutobolea kidole haitumiwi na watu wawili kamwe, hata mume na mke.

Fungu la pili liwasaidie wasioajiriwa kulipa bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hutathminiwa kipato na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Muuza viazi karai hana pesa ya mwaka mkononi siku moja, lakini ana ya kila wiki, na kukusanya ya kila wiki ndiyo kazi ambayo vyama vyetu vinaijua kuliko nyingine yoyote.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 zaidi kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mwenye insulini amweleze mwenzake mmoja wa zamu dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuropoka. Mwenzake akiziona, ampe vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, angoje dakika 15, arudie ikiwa hajapata nafuu. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Yasemwayo kikundini yabaki kikundini, na kila mtu alitamke hilo kwa mdomo wake siku ya kwanza. Msitume vipimo vya mtu kwenye WhatsApp ya kikundi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na aibu ya mtaa huumiza kabla sheria haijafika.

Dharura

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hicho ni kiharusi. Maumivu ya kifua yanayobana ni moyo. Hakuna kusubiri asubuhi. Ambulensi haiingii katika vichochoro vingi vya Mji wa Kale, kwa hiyo kila kikundi kiandikiane mapema na madereva wawili wa tuktuk wa karibu, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na kijue watu wanne wa kumbeba mgonjwa mpaka barabarani kwa kiti.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua karatasi leo na uandike majina ya watu kumi unaojua wanameza dawa kila siku. Waendee mmoja mmoja, si kwa kuwaita barazani, uwaulize ni saa gani ya wiki wanayo nafasi. Saa itakayotajwa na wengi ndiyo saa ya kikao chenu cha kwanza.